Mikanda Niliyoishona Mwenyewe

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngarenaro, Arusha. Desemba na Januari ni sare za shule, miezi mingine ni vitenge na kupunguza nguo za mitumba, na katikati hapo nashona suti za karate na mikanda yake. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea suti nimfupishie mikono. Akiwa kwenye benchi ananisubiri akauliza, "Fundi, hivi mkanda wa njano kweli ni elfu thelathini na tano?" Nikamwambia inategemea anaununua wapi. Sikuweza kumwambia kwamba mkanda huo niliushona mimi, kwenye cherehani hii hii aliyokuwa anaitazama, kwa elfu nne, uzi na kitambaa juu yangu.

Nilivyofika hapo ni hadithi ndefu kidogo.

Niliingia karate mwaka 2011, nina miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji kwa mjomba. Dojo lilikuwa ukumbi wa kukodi: sakafu ya saruji, paa la bati, dari hakuna. Jina lake naliacha, na la sensei, mwalimu wetu, pia. Bado anafundisha, na ana wanafunzi wanaompenda. Hata mimi nilimpenda. Alikuwa na miguu ya ajabu yule bwana. Alisimama kwa mguu mmoja, akaunyoosha ule mwingine mpaka usawa wa sikio lako, akauacha hapo huku anaongea, kisha akaushusha taratibu kama mtu anayeweka chini kikombe cha chai ya moto. Chalii wa miaka kumi na tisa akishaona hivyo haulizi cheti.

Tulidhani anayejua kupiga teke anajua na kulifundisha. Kwenye ushonaji huwa hatudanganyiki kirahisi namna hiyo. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kusifiwa mtaa mzima, ila mwanafunzi akikosea alimnyang'anya kitambaa akamalizia mwenyewe, na mwanafunzi akabaki anatazama mgongo wake. Wazazi wajanja walipeleka watoto wao kwa mama mmoja wa Levolosi ambaye mshono wake ulikuwa wa kawaida tu, lakini alikuwa anaweza kukaa na mtoto saa nzima juu ya kishimo kimoja cha kifungo.

Mazoezi yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ukichelewa, unaruka chura kuzunguka ukumbi mara kumi. Ukikosea kata (hii ya karate, mfululizo wa hatua na mapigo unaoukariri; mambo ya mkasi tuyaache), chura. Ukicheka, chura. Kuruka ukiwa umechuchumaa mpaka chini, uzito wote juu ya magoti, kwenye saruji, baada ya saa nzima ya mazoezi, mguu hauna tena nguvu ya kukupokea. Leo nikichuchumaa kumpima mteja urefu wa suruali, goti la kulia linalia kwanza. Mteja anasikia. Wengine hunipa pole, nami nasema ni uzee, na bado sijafika hata arobaini.

Maji yalikatazwa. Chupa zilipangwa mstari karibu na mlango na sisi tukazitazama saa moja na nusu. Maji yanalegeza mwili, tuliambiwa. Yeye alijuaje? Sensei wake alimwambia. Na huyo je? Na yeye alikuwa na wake.

Jibu la kila kitu lilikuwa "Osu!" Umeelewa? Osu. Umeumia? Osu. Unarudia? Osu. Ni neno ambalo huko Japani linatumika kwa salamu na kwa kuonyesha umevumilia, lakini sisi tulilifanya kifuniko cha sufuria. Lolote lililokuwa linachemka chini yake halikuonekana.

Mtindo wetu ulikuwa Shotokan, ule unaotokana na Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Wanaoufanya wanajua: mkono mmoja ukipiga ngumi, ule mwingine unarudi kwa nguvu mpaka nyongani, umefungwa, umekaa hapo. Unaitwa hikite. Tuliurudisha mara elfu kwa jioni moja. Siku moja, nadhani mwezi wa nne wangu pale, nikauliza. Sikuuliza kwa dharau. Nilitanguliza "samahani sensei" na kichwa nimeinamisha. Nilitaka kujua kwa nini mkono ukae kiunoni wakati uso uko wazi.

Ukumbi ulinyamaza. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Huyu anataka kunifundisha." Pushapu mia moja. Nilifika themanini na ngapi sijui, mikono ikakataa, na wenzangu wakaambiwa wamalizie zilizobaki kwa niaba yangu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, maana baada ya hapo waliokuwa wananikodolea macho walikuwa wenzangu. Sikuuliza tena kwa miaka mitatu, na hakuna aliyeuliza mbele yangu.

Watu hupenda kusema ukali ule umetoka Japani. Mimi sikubali sana. Huo tuliukuta kwetu. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu wa hesabu alimchapa mwenzetu viboko kwa kusema jibu la ubaoni limekosewa, na kweli lilikuwa limekosewa, akalifuta kimyakimya baadaye. Tukaingia dojo tukiwa tumeshapikwa. Karate ilileta kuinamiana, na kuinamiana ni kitu kizuri, mnainamiana nyote wawili. Sisi tukakiongezea kiboko cha shule ya msingi.

Aprili 2014. Anayeijua Arusha anajua masika inavyolia kwenye bati lisilo na dari: unaona midomo ya watu inacheza, sauti huipati. Tulikuwa kwenye kumite, kupigana wawili wawili, mimi na jamaa mmoja mrefu wa Sakina. Kukomesha pambano ni "Yame!" Sensei akaita, mimi nikauona mkono wake umepanda, nikashusha mikono. Mwenzangu alikuwa amempa mgongo. Teke likanikuta juu ya sikio la kushoto.

Sikuanguka, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Ningeanguka pengine wangeogopa. Nilibaki nimesimama, taa za ukumbi zikawa na duara kuzizunguka kama mwezi wa ukungu, na sensei akaja mpaka sikioni kwangu akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Karateka hasikilizi kwa masikio, anasikiliza kwa tumbo." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Tukaendelea. Jumamosi nikarudi nikapigana tena.

Jumatatu nilikuwa na mashati kumi na mawili ya shule. Kutia uzi kwenye sindano ni kazi ninayoweza kuifanya hata umeme ukikatika, lakini siku hiyo tundu la sindano lilikuwa mawili, na kila nililolichagua lilikuwa lile la uongo. Nilipofanikiwa nikaweka mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Nikaufumua, nikaugeuza, nikaurudisha palepale. Mara tatu. Ile balbu ndogo ya kwenye cherehani ilikuwa inanichoma mpaka nyuma ya jicho. Mjomba akaja akasimama nyuma yangu, akainama, akanusa mdomo wangu.

"Sijanywa, mjomba."

"Basi kilichokupata kibaya kuliko pombe."

Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotegemea. Nikamsalimia, nikamweleza. Aliandika vizuri tu mpaka nilipofika kwenye Jumamosi. Akaweka kalamu chini. "Ulirudi?" Akanieleza mambo ambayo mtu yeyote anayefundisha kupigana alipaswa kuwa ameyajua kabla hajakodi ukumbi. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Huhitaji kuzimia ndipo uwe umeumia. Aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu harudi mchezoni siku hiyo hata kama anajisikia vizuri. Anapumzika siku moja mbili, anaanza na kutembea, anapanda ngazi polepole, na kupigana kunakuja mwisho kabisa, dalili zikishaisha na daktari akiruhusu. Pigo la pili likikuta la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla, na hilo limeua vijana. Nikamwambia nitatafuta kofia ya kinga. Akasema kofia inasaidia usichanike, mtikisiko wa ndani haiuzuii. Baadaye nikaja kujua kwamba ngumi za ridhaa za wanaume ziliziondoa kofia hizo mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila kofia.

Nilimpelekea sensei maneno ya daktari. Akasema, "Huo ni woga umevaa koti jeupe."

Nikiwa mkweli, nilimwamini yeye. Nilikaa nje wiki mbili tu, tena kwa kujificha, nikisema kazi zimebana.

Nitaruka mbele kidogo hapa kwa sababu ya kitu nilichokiona miaka saba baadaye kwenye simu ya mteja. Karate ilikuwa imeingia Olimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa mpaka 2021. Fainali ya wanaume wa uzito wa juu, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Irani. Hamedi akarusha teke la juu, Ganjzadeh akalala chini hana fahamu, akatolewa kwa machela. Dhahabu ikaenda kwa aliyelala. Sheria za karate ya mashindano zinataka pigo la kichwa lidhibitiwe, na asiyelidhibiti anaadhibiwa, mpaka kuondolewa. Mteja alilalamika kwamba ni uonevu. Mimi nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia, nimesimama tu. Teke kama lile, kwenye ukumbi wetu, lingemfanya jamaa wa Sakina abebwe mabegani.

Sasa nifike kwangu, maana mpaka hapa nimejieleza kama mtu aliyeonewa.

Mwaka 2015 nilikuwa na mkanda wa kahawia, naitwa sempai, yaani mwanafunzi mkubwa. Dojo lilikuwa na desturi ya kuwakaribisha wageni, tuliita kubatiza. Mgeni akimaliza mwezi mmoja anasimamishwa na mkubwa mmoja, raundi moja, glavu hakuna, kinga ya meno hakuna. Akaja chalii mmoja wa miaka kumi na saba, konda wa daladala, mwembamba, mcheshi, suti yake ya marudufu nilimshonea mwenyewe na alikuwa amemaliza kunilipa wiki hiyo hiyo. Sensei akanielekezea kidevu. Yule chalii alikuwa anarudisha hikite vizuri mno, kama alivyofundishwa, mkono uko nyongani, uso uko wazi. Nilimpiga mdomoni. Nililisikia jino kwenye kifundo cha kidole kabla sijaliona.

Damu kwenye marudufu meupe inasambaa haraka, inafuata nyuzi. Yeye akafunga mdomo, akameza, akasema "Osu." Wenzangu wakapiga makofi. Sensei akanishika bega, na nitasema ukweli, bega lilipata joto.

Kisha tukapiga magoti tukatamka dojo kun, kanuni tano za kufungia mazoezi. Kila moja inaanza na "Hitotsu!", yaani "Moja!", zote tano ni namba moja, hakuna ya pili. Ya mwisho inahusu kujizuia na ukatili. Tulikuwa tunazitamka kwa Kijapani, kwa kelele, bila kujua hata neno, na yule chalii alizitamka nasi, herufi zinapita kwenye pengo jipya.

Hakurudi. Tukasema hana moyo.

Hivi sasa anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko karibu na soko la Kilombero. Ananiita "Sempai" mpaka leo, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Niliwahi kumwambia nataka nimgharimie jino la bandia. Akasema, "Ya zamani hayo, Sempai." Akanifikisha nyumbani, akasubiri nauli yake, elfu mbili kamili, hakupunguza hata mia.

Kulikuwa na dada mmoja pia, mwanafunzi wa chuo, aliyefika mkanda wa kijani akaacha ghafla. Tulisema yale yale, wanawake hawawezi. Mwaka uliofuata alikuja dukani nimshonee gauni la mahafali. Nilipotoa utepe akanirudisha hatua moja nyuma, akaomba mke wangu ampime. Nikaelewa kabla hajasema. Alisema machache: kwamba kurekebishwa mkao kulikuwa kunachukua muda mrefu kwake kuliko kwa wengine, na kwamba alimweleza sempai mmoja. Sempai gani, sikuuliza. Nilijua hakuwa mimi, nikashukuru, halafu nikajionea aibu kwa kushukuru.

Turudi kwenye mikanda. Sensei ndiye aliyenipa oda yangu ya kwanza kubwa, mikanda thelathini. Nakata tepe ya pamba sentimita nne, ndani naweka kitambaa kigumu, napitisha mistari minane ya cherehani toka mwanzo mpaka mwisho, karibu mita tatu kila mkanda. Mkono ukitetemeka mstari wa tatu, wa nane utaonyesha. Cherehani yangu ya kwanza, Butterfly ya mtumba, nusu yake ililipwa na mikanda hiyo. Mtu huyu, wakati baba wa mwanafunzi mmoja alipofariki, ndiye aliyezunguka na daftari la mchango mpaka usiku. Naandika hayo kwa sababu ni kweli.

Mtihani ulikuwa kila miezi mitatu. Ada ya mtihani, mkanda, cheti kilichochapwa stesheneri ya jirani. Wazazi walilipa, watoto walipanda. Kulikuwa na watoto wa miaka tisa wenye mkanda wa bluu wasioweza kuanguka bila kugonga kisogo, kwa sababu kuanguka hatukuwahi kufundishwa, hakuko kwenye mtihani.

Utaratibu huu wa madaraja wenyewe ulitoka kwenye judo. Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan mwaka 1882, alikuwa mwalimu na mkuu wa shule kwa kazi yake, na mikanda ya rangi nyingi ilienea baadaye huko Ulaya. Funakoshi akauchukua kwa karate na kutoa dan, madaraja ya mkanda mweusi, kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Na hiyo shodan, mkanda mweusi wa kwanza ambao kwetu mtu akiupata anaanza kutembea amepanua mabega, maana yake ni daraja la mwanzo tu. Ndiyo kwanza umeandikishwa darasani.

Kilichoniondoa mwisho wa yote kilikuwa kitu kidogo. Mtihani wa Desemba 2016, mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja alifanya Heian Shodan, kata ya kwanza, vizuri kiasi kwamba sisi wakubwa tuliacha kunong'ona. Aliyemfuata alipotea katikati, akageukia ukutani, akasimama. Mikanda ilipotolewa, yule aliyepotea akavishwa, na yule binti akaambiwa aongeze bidii. Mama yake alikuwa amelipa nusu. Nilikuwa nimeshika ule mfuko wa mikanda, naichomoa mmoja mmoja nampa sensei. Kwenye mfuko ulibaki mmoja wa njano. Nilirudi nao nyumbani, na Januari sikwenda.

Nilikaa mwaka mzima bila kufanya chochote, nikanenepa. Nilipita pia kwenye jimu moja ya kisasa upande wa Njiro, vioo, muziki, kocha wa kickboxing aliyejifunza kwenye video na anayehesabu kwa Kiingereza. Sina la kusema huko. Watu walikuwa wanatoa jasho na kupiga picha, na angalau maji yalikuwepo.

Aliyenirudisha alikuja dukani kuomba vitambaa. Mzee, kofia ya baraghashia, kiroba begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mabaki unayotupa, unaweza kunitunzia?"

Nikadhani ni ya mito. Kumbe alikuwa na gunia la ngumi nyuma ya nyumba yake Kaloleni, limefungwa kwenye mwembe, na vijana sita saba. Nikamuuliza kwa nini asijaze mchanga, ni bure. Akanitazama kama nilivyotazamwa ile siku ya hikite, nikajikunja. Kisha akajibu. "Mchanga unashuka. Wiki mbili tu chini pamekuwa jiwe, juu patupu. Kijana akipiga chini anavunjika kifundo. Kitambaa kinabaki kilivyo." Ilichukua sekunde kumi. Sikuamini ilivyokuwa rahisi.

Nikampelekea kiroba mwenyewe jioni hiyo, nikabaki kuangalia. Vijana wawili walikuwa wanacheza kwa mkono wa mbele tu, ule wa kudokoa, dakika mbili. Mmoja akaongeza nguvu. Mzee hakupiga kelele, akaingia katikati na kitambaa chake cha jasho begani akauliza, "Nani amewaambia mgombane?" Wakaanza upya. Alikuwa na daftari la kaunta ambamo aliandika uzito wa kila kijana na siku aliyopigwa kichwani, na mwenye alama hiyo hapigani mpaka mzee aseme, hata kijana alie. Wakipumzika aliwasimulia Titus Simba, jinsi alivyorudi na medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na jinsi yeye mzee alivyosikiliza redioni, na kila akisimulia idadi ya watu waliobanana kwenye redio hiyo ilikuwa inaongezeka.

Nisimpambe. Alikuwa anakunywa, anakopa haraka kuliko anavyolipa, na hakutaka wasichana kabisa pale kwake. Nilibishana naye juu ya hilo mpaka anafariki na sikushinda. Lakini ulikuwa unaweza kubishana naye.

Siku moja akaniomba nimwonyeshe "hiyo karate yenu". Nikasimama, nikapiga ngumi moja, mkono mwingine ukarudi nyongani wenyewe, kwa mazoea ya miaka mitano.

"Huo mkono umeshika nini?"

"Haujashika kitu, mzee."

"Sasa mbona umeufunga?"

Vijana wakacheka, nami nikacheka nao. Usingizi haukunijia vizuri. Kesho yake asubuhi nilikuwa naunga vipande vya kitenge kinachoteleza, na kama kawaida mkono wa kulia unaongoza kitambaa mbele ya sindano, wa kushoto uko nyuma yake umekishika, unavuta. Usipovuta, mshono unajikunja. Nikasimamisha mguu kwenye pedeli. Mkono unavuta. Hikite: hiki ni kuvuta, te ni mkono. Kumbe unakuwa umeshika mtu, nguo yake au kifundo chake, unamvuta aingie kwenye ngumi. Tulikuwa tumelipigia kelele neno hilo miaka mitano na lenyewe lilikuwa linajieleza. Sijui kama sensei alikuwa anajua akatuficha, au alikuwa hajui akaogopa. Siku hizi nadhani ni hili la pili, na hasira yangu kwake imepungua kwa sababu hiyo, ingawa jino la yule chalii liko palepale.

Gunia la mzee lilikatika kamba mwaka jana na mwembe umekatwa. Jumapili jioni vijana wanne huja uani kwangu, mmoja ni binti wa jirani. Ndoo ya maji iko mlangoni na kikombe juu yake. Sina mkanda wa kuwapa na nimewaambia hivyo. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza kwa nini tunazunguka kwa kisigino kwenye kata ya pili na siyo kwa kidole, nikamwambia sijui, tujaribu zote mbili tuone ipi inaumiza goti. Goti langu lilijibu kwanza.

Juzi sensei alipiga simu. Sauti ile ile, mchangamfu, akaulizia watoto, akaulizia mjomba. Halafu akataka mikanda arobaini ya njano kabla ya mwisho wa mwezi, na akatuma nusu ya hela kwenye simu kabla sijajibu. Ada ya shule ya mwanangu wa kwanza inadaiwa. Nimeshashona kumi na mbili, mistari minane minane, imenyooka. Ishirini na nane imekatwa, iko juu ya meza, na yule kijana wa mikono mirefu anakuja kesho kuchukua suti yake.